Juu ya Wakati, Ndani ya Wakati

Kila Jumanne jioni, juu ya maktaba, mjini Grimsby,
Bi Glenys Pickersgill anatufundisha wakati.
Si saa: saa tunazo, zimo hata kwenye simu.
Anatufundisha vijineno vinavyoishikilia saa
kama misumari inavyoshikilia picha ukutani.

Ildikó hukaa karibu na hita. Mikono yake
inanuka samaki wa barafu, hata aisugue kwa ndimu.
Wiki yake ya kwanza kiwandani, msimamizi Clive alimwambia:
njoo kesho, nusu saba.
Kwao Hungaria, nusu saba ni nusu ya njia ya kwendea saba;
sita imepita, saba bado.
Kwa Clive, ni saba iliyokwisha pita, na nusu juu yake.
Alisimama saa nzima nje ya geti, Februari,
mvua ya theluji ikimpiga usoni.
Mimi niliyelelewa kuhesabu saa tangu macheo,
ambaye saba ya Clive kwangu ni moja,
nilicheka sana. Kisha nikamkumbuka daktari wa meno
aliyenipa miadi ya saa mbili yao,
nami nikafika saa mbili yangu,
mlango komeo, jino linapiga ngoma.

Bi Glenys hachoki. "Hadi Ijumaa," anasema,
na chaki inatembea ubaoni bila kunyanyuka:
unafanya, unafanya, Ijumaa inakukuta ukifanya.
"Ifikapo Ijumaa" ni nukta moja tu.
Fanya lini upendapo, ila nukta isikukute hujamaliza.
Rezan, fundi wa simu, anauliza: na kodi ya nyumba?
"Nukta," anajibu. "Kodi siku zote ni nukta."

Halafu akaleta vile viwili vilivyotutoa jasho.
Wenyewe husema mtu kafika juu ya wakati,
na husema mtu kafika ndani ya wakati.
Tukaona ni yale yale, mchele na wali.
La, akasema. Treni iliyokuja saa iliyoandikwa
imekuja juu ya wakati: imekaa juu ya namba yake
kama kikombe juu ya kisahani.
Bali aliyewahi kabla ya mlango kufungwa,
huyo kafika ndani. Wakati ni chumba.
Mshahara huja juu ya wakati. ("Wako, labda," akasema Rezan.)
Zimamoto, tunaomba, waje ndani yake.
Ildikó aliyaandika yote kwa kalamu ya kijani,
akapigia mstari neno chumba.

Jumanne mbili hakuonekana.
Ya tatu alikuja, akaketi na koti lake mwilini.
Bi Glenys, asiyejua,
au aliyejua akakosa pengine pa kuanzia,
akamwomba sentensi moja, yenye vyote viwili.

Akasimama, ingawa hapa hakuna asimamaye.
"Ndege yangu ilitua Budapest juu ya wakati," alisema polepole.
"Kwa mama sikufika ndani ya wakati."

Hita ikagonga, kama kawaida yake.
Sentensi ilikuwa sahihi.
Hata nukta ya mwisho tuliisikia.
Bi Glenys alikuwa ameshika chaki,
akaitazama kama kitu cha kuazima, hakuandika.
Akatoka nyuma ya meza yake, akavuta kiti,
kile kifupi cha watoto wa hadithi za Jumamosi,
akakaa, magoti yakimfikia kifuani,
akauliza mama aliitwa nani.

Piroska.

Akalitamka. Akakosea.
Ildikó akamsahihisha: ulimi, mwalimu, utetemeke kidogo.
Akakosea tena. Rezan naye akajaribu, nami nikajaribu.
Mlinzi alipopanda na funguo zake kuja kufunga
alikuta darasa zima la Kiingereza
linafundishwa r ya Kihungaria,
akasimama mlangoni, akasubiri.